Abbott Thayer: Mchoraji Aliyefundisha kwa Viazi

Katika somo la wanyama wanaojificha kwa rangi zao, walimu wengi huandika ubaoni kwamba mnyama hufanana na mahali anapoishi. Watoto hunakili, na somo huishia hapo. Twaona yafaa kuwasimulia walimu-wanafunzi maisha ya mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa njia bora zaidi, na ambaye baadaye alipotea njia.

Abbott Handerson Thayer alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1849. Alikulia mashambani katika jimbo la New Hampshire, ambako alipenda kuwatazama na kuwachora ndege. Alisomea uchoraji Paris, Ufaransa, akarudi kwao na kupata sifa kubwa kwa picha zake za watu. Hakuwa mwanasayansi kwa mafunzo, lakini jicho lake lilikuwa limezoea kupima mwanga na kivuli.

Jicho hilo ndilo lililomwonyesha jambo ambalo wengi hawakulizingatia. Mchoraji akitaka kitu kionekane mviringo katika karatasi, hukitia mwanga juu na kivuli chini. Thayer aling'amua kwamba wanyama wengi wamepakwa rangi kinyume cha hivyo: mgongo una rangi nzito na tumbo ni jeupe. Jua humulika mgongo, kivuli huangukia tumbo, na rangi hizo mbili hulingana. Mnyama huonekana bapa, na jicho la adui humpita. Swala wetu wa mbugani ni mfano mzuri.

Mwaka 1896 aliitangaza kanuni hiyo. Mwezi Novemba mwaka huo aliwakusanya wataalamu wa ndege kwenye uwanja huko Cambridge, Massachusetts. Alitundika viazi vitatu kwenye waya, juu kidogo ya ardhi, vikiwa vimenyunyiziwa udongo wa mahali pale pale. Viwili vya pembeni alivipaka rangi nyeupe upande wa chini, akiififisha kidogo kidogo kuelekea ubavuni. Kwa mbali, viwili hivyo havikuonekana, bali cha katikati kilionekana wazi. Kisha akakipaka nacho, kikatoweka vilevile. Hoja ilithibitika mbele ya macho ya watazamaji.

Laiti angeendelea hivyo! Mwaka 1909 kilitoka kitabu chake, kilichoandikwa na mwanawe Gerald, kikidai kwamba karibu rangi zote za wanyama ni za kujificha. Hata heroe, ndege wa rangi ya waridi tumwonaye katika Ziwa Nakuru na Ziwa Natron, alidaiwa kujificha katika wekundu wa mawio na machweo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani na aliyesafiri Afrika Mashariki mwaka 1909 hadi 1910, alipinga vikali madai hayo. Alikuwa amewaona pundamilia na twiga uwandani, wakionekana waziwazi. Thayer hakulegeza msimamo. Alifariki mwaka 1921.

Leo yajulikana kwamba waridi wa heroe hutokana na chakula chake, na kwamba ndege huyo akiwa mbele ya jua linalozama huonekana mweusi. Majaribio pia yameonyesha kwamba milia ya pundamilia huwatatiza nzi wanaouma wasitue mwilini. Hata hivyo, kanuni ya mgongo na tumbo ingali inaheshimiwa.

Tofauti ya mafanikio na makosa yake ni njia aliyoifuata. Penye viazi, aliwaacha watu waone wenyewe. Penye heroe, alilazimisha kila kitu kiingie katika kanuni moja. Mwalimu naye hujaribiwa vivyo hivyo, hasa mtoto anapouliza mbona pundamilia haonekani kujificha. Asimnyamazishe.

Basi, kwa somo hili watoto wafinyange wanyama watatu wa udongo na kuwaacha wakauke. Wawili wapakwe chokaa tumboni, ikififia kuelekea ubavuni. Wote wawekwe juu ya vijiti uwanjani, kwenye udongo wa rangi ile ile, jua likiwa juu. Darasa lirudi nyuma hatua kwa hatua, na kila mtoto aseme ni yupi aliyetoweka kwanza. Asiyeona asilazimishwe kukubali. Asogee, atazame tena, naye aeleze alichokiona.