Hugo Gernsback, Baba wa Magazeti ya Hadithi za Sayansi

Katika kurasa kama hizi watu hupenda kusoma maisha ya majemadari na watawala. Leo twawaletea maisha ya mtu ambaye hakuamuru kikosi wala hakutawala nchi. Kazi yake ilikuwa kuuza vyombo vya umeme na kuchapisha magazeti ya bei rahisi. Hata hivyo, magazeti hayo yaliyokuwa yakiuzwa kwa senti 25 za Kimarekani leo hutafutwa kama lulu, na jina la mtu huyo hutolewa kila mwaka kuwa nishani ya heshima kwa waandishi wa hadithi za sayansi. Mtu huyo ni Hugo Gernsback.

UTOTO WAKE

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1884 katika Luxembourg, nchi ndogo iliyo baina ya Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji. Jina la ukoo wake lilikuwa Gernsbacher, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Tangu utotoni alivutwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa umeme: betri, nyaya na kengele. La pili lilikuwa habari za sayari nyingine. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alisoma kitabu cha mnajimu Percival Lowell kuhusu sayari ya Mirihi, akashikwa na homa kwa jinsi fikira zake zilivyochafuka, akawa anaweweseka habari za viumbe wa huko. Mambo hayo mawili, umeme na fikira za mbali, hayakuachana naye hata siku ya kufa.

Alisoma ufundi kwao na kisha Ujerumani. Akabuni betri yake mwenyewe, lakini hakufanikiwa kupata hati ya uvumbuzi katika Ulaya. Mwaka 1904, akiwa kijana asiyetimiza miaka ishirini, alipanda meli kwenda Marekani, akakaa New York.

ASKARI POLISI DUKANI

Hapo alifungua biashara ya kuagiza vyombo vya umeme kutoka Ulaya. Mwishoni mwa 1905 alianza kutangaza chombo kidogo cha simu ya upepo kilichoitwa Telimco, chenye uwezo wa kupeleka ishara umbali wa maili moja, kwa bei isiyofika dola 10. Wakati huo simu ya upepo ilikuwa kitu cha manowari na makampuni makubwa. Watu wengi hawakuamini kwamba raia wa kawaida angeweza kukinunua chombo hicho na kukiweka sebuleni mwake.

Gernsback mwenyewe alipenda kusimulia kwamba malalamiko yalifika kwa wakuu wa mji, na siku moja askari polisi akaingia dukani kuchunguza kama palikuwa na udanganyifu. Gernsback hakubishana naye. Aliweka chombo kimoja upande huu na kingine upande ule, akabonyeza swichi, na kengele ikalia kule mbali. Askari alitazama kwa makini, lakini hakuridhika: tangazo lilisema kwamba ishara hupita bila waya, naye aliona nyaya tele juu ya meza! Sisi tunaosoma habari hii leo twaweza kucheka, lakini tusimlaumu askari huyo. Alikuwa akitimiza wajibu wake mbele ya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Gernsback naye alipata somo kubwa: haitoshi kuwauzia watu chombo kipya, yapasa kwanza kuwaelimisha.

Kwa sababu hiyo mwaka 1908 alianzisha gazeti lililoitwa Modern Electrics, la kuwafunza vijana ufundi wa umeme na simu ya upepo. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ilivifunga vituo vyote vya simu ya upepo vya watu binafsi kwa ajili ya usalama.

HADITHI ILIYOITABIRI RADA

Mwaka 1911 Gernsback alianza kuandika hadithi katika gazeti lake mwenyewe. Aliiita Ralph 124C 41+, ikaendelea kwa matoleo 12 hadi mwaka 1912. Ni habari za mvumbuzi aishiye mwaka 2660. Kwa ufundi wa uandishi, hadithi hiyo ni dhaifu. Watu wake ni kama vinyago na mapenzi yake hayana joto. Lakini ndani yake mna mambo ya ajabu. Mwandishi alieleza, pamoja na mchoro, jinsi mawimbi yanavyoweza kurushwa angani, yakagonga chombo cha chuma kinachoruka, yakarudi, na kwa kupima muda wa kwenda na kurudi ukajulikana umbali wa chombo hicho. Wasomaji wetu walio katika vikosi vya ulinzi wa anga wametambua mara moja kwamba hiyo ndiyo kazi ya rada. Majaribio ya rada yaliyofungua njia ya ulinzi wa Uingereza yalifanywa mwaka 1935, yaani zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Hadithi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mjini Boston mwaka 1925. Wakusanyaji wa vitabu hulitafuta toleo hilo la kwanza kwa bidii, hasa likiwa bado na jalada lake la nje la karatasi, kwa kuwa wasomaji wengi wa zamani waliyatupa majalada hayo.

GAZETI LA KWANZA

Aprili 1926 Gernsback alitoa gazeti lililoitwa Amazing Stories. Hadithi za sayansi zilikuwa zimekwisha kuandikwa na Jules Verne wa Ufaransa na H. G. Wells wa Uingereza, na magazeti mengine yalikuwa yakizichanganya na hadithi za mapenzi na za wapelelezi. Lakini katika lugha ya Kiingereza hapajatokea gazeti la hadithi hizo peke yake. Toleo la kwanza lilikuwa na hadithi sita, miongoni mwao za Verne, Wells na Edgar Allan Poe. Jalada lilichorwa na Frank R. Paul: watu wanateleza juu ya barafu, na nyuma yao sayari ya Zohali na pete zake imejaza anga. Haukupita muda mrefu, nakala zaidi ya 100,000 zikawa zinachapishwa kila mwezi.

Tendo jingine la Gernsback lilikuwa dogo machoni pa watu, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Alichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Kijana aliyedhani yu peke yake katika kijiji chake aligundua kwamba mwenziwe yuko mji wa pili. Wakaandikiana, wakakutana, wakaunda vyama, wakabadilishana matoleo ya zamani. Hivyo ndivyo jamii ya wakusanyaji ilivyopata nguvu.

DENI

Hapana budi tuseme pia upande wa pili, maana maisha ya mtu hayasimuliwi kwa sifa tupu. Mwanzoni mwa 1929 kampuni yake ilifilisika. Alikuwa na magazeti mengi pamoja na kituo cha redio cha WRNY, ambacho mwaka 1928 kilijaribu hata kurusha picha ndogo za televisheni. Amazing Stories likachukuliwa na wengine. Miezi michache tu baadaye alirudi na gazeti jipya, Science Wonder Stories, ambalo baadaye liliitwa Wonder Stories.

Lakini waandishi walikuwa wakinung'unika. Malipo yalikuwa madogo, tena yalichelewa, na mara nyingine hayakufika kabisa. Mwandishi mmoja mashuhuri alimpa jina la panya. Kijana aitwaye Donald Wollheim alichapishiwa hadithi mwaka 1934, naye alistahili dola 10. Hakulipwa. Akawatafuta wenzake waliokuwa katika hali hiyo hiyo, wakaenda kwa mwanasheria, na mwishowe wakalipwa jumla ya dola 75 bila kesi kusikilizwa. Baada ya hapo Wollheim alifukuzwa katika chama cha wasomaji kilichoanzishwa na gazeti lenyewe. Dola 10 si mali nyingi, lakini ni jasho la mtu. Wahenga wetu wamesema dawa ya deni ni kulipa. Gernsback, aliyeweza kuona mambo ya mwaka 2660, hakuliona deni lililokuwa mezani pake. Mwaka 1936 aliliuza gazeti la Wonder Stories.

KARATASI DUNI, HAZINA KUBWA

Sasa tuyatazame magazeti yenyewe. Yalichapwa kwa karatasi duni iliyotengenezwa kwa rojo la miti. Karatasi hiyo ina asidi ndani yake. Ikipigwa na jua na hewa hugeuka manjano, kisha kahawia, mwishowe humomonyoka kama jani kavu. Ilikusudiwa isomwe na kutupwa. Katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa matumizi ya vita, na marundo ya magazeti yakaenda huko. Ndiyo maana nakala nzuri zimekuwa chache.

Mkusanyaji hodari huichunguza nakala kama mpelelezi achunguzavyo kielelezo. Hutazama kama jalada ni lake lenyewe au limetolewa kwenye nakala nyingine, kama pini zimeota kutu, kama kurasa zote zimo, na kama hakuna kipande kilichokatwa kwa mkasi. Kisha huiweka mahali pakavu pasipo jua.

Mmoja wa wakusanyaji hao alikuwa mtoto wa Los Angeles, Forrest Ackerman, aliyenunua toleo la Amazing Stories la Oktoba 1926 akiwa na miaka tisa. Hakuacha kukusanya tena. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa sajenti wa jeshi, akihariri gazeti la kambi yake. Ndugu yake wa pekee aliuawa vitani Ulaya mwaka 1945. Baada ya vita nyumba yake ilijaa vitabu, magazeti na vitu vya sinema vilivyokadiriwa kufika 300,000, naye aliwafungulia wageni mlango bila malipo. Alitamani hazina hiyo ihifadhiwe pamoja kwa faida ya umma, lakini hakufanikiwa. Mwaka 2002, akiwa mzee na mgonjwa, aliuza sehemu kubwa ikatawanyika. Alifariki mwaka 2008.

Tulinganishe na mkusanyaji mwingine, daktari J. Lloyd Eaton. Vitabu vyake zaidi ya 7,000 vilinunuliwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside mwaka 1969, vikawa msingi wa mojawapo ya maktaba kubwa kabisa za hadithi za sayansi duniani. Wote wawili walikusanya kwa mapenzi. Tofauti ni kwamba hazina ya mmoja ilipata mlinzi, na ya mwingine haikupata.

MWISHO WAKE

Gernsback aliendelea na magazeti ya redio na ufundi, ambayo ndiyo yaliyompa riziki. Mwaka 1953 alijaribu tena gazeti la hadithi, likafa baada ya matoleo saba. Lakini mwaka huo huo, katika mkutano wa wapenzi wa hadithi za sayansi mjini Philadelphia, nishani mpya zilitolewa, nazo zikaja kuitwa Hugo kwa heshima yake. Mwaka 1960 naye mwenyewe alitunukiwa. Alifariki New York tarehe 19 Agosti 1967, siku tatu baada ya kutimiza miaka 83. Hata maiti yake hakutaka iende bure. Aliiacha kwa chuo cha udaktari ili wanafunzi wajifunze. Karatasi zake za kazi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse.

Wasomaji wetu, sisi twaona mambo mawili katika maisha haya. Kwanza, mtu aweza kutenda jema kubwa na bado akawa na deni; historia ya kweli huandika yote mawili. Pili, kitu kinachodharauliwa leo huenda kikawa ushahidi kesho. Katika kambi zetu na vituo vyetu vya polisi mna daftari za zamu, picha za vikosi na magazeti ya kale yanayoliwa na mchwa. Hakuna ajuaye ni ipi kati ya karatasi hizo ambayo watoto wetu wataitafuta. Kabla ya kuitupa karatasi kuukuu motoni, tuisome kwanza, na ikistahili tuitunze mahali pakavu.