Ar-Razi, Tabibu Aliyepambanua Ndui na Surua

Kijana wa leo hajui ndui ni maradhi ya namna gani, na Alhamdulillahi. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa katika jamii alipatikana Merca, mji wa pwani ya Benadir nchini Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba maradhi hayo yametoweka ulimwenguni. Lakini zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo palikuwa na tabibu aliyeyaandikia ndui kitabu kizima.

Tabibu huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyezaliwa mnamo mwaka 865 (251 Hijria) katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Husimuliwa kwamba ujanani alipenda muziki, na elimu ya tiba akaiingia akiwa mtu mzima. Hakukawia kuwa mkuu wa hospitali mjini kwao, kisha Baghdad.

Siku hizo watu walichanganya ndui na surua, kwani yote mawili huanza kwa homa na upele. Ar-Razi akaandika Kitab al-Judari wal-Hasba, kitabu kidogo ambacho ndicho kikongwe kilichosalia kuhusu maradhi hayo pekee. Alieleza kwamba homa ya ndui huja na maumivu ya mgongo, pua kuwasha na kushtuka usingizini. Mwenye surua, kwa upande wake, huzidiwa zaidi na kichefuchefu na wasiwasi, na mgongo haumsumbui sana. Mambo hayo hayakutoka vitabuni tu. Yalitoka kwa wagonjwa aliowaangalia siku baada ya siku.

Kwa kuwa ndui ilipofua wengi, aliyashughulikia sana macho. Aliagiza uso uoshwe kwa maji baridi mara kwa mara, na macho yatiwe matone ya maji ya waridi.

Ama chanzo cha maradhi, hapo alikosea. Alidhani damu ya mtoto huchemka na kuumuka kama maji ya zabibu mpya, ndiyo maana karibu kila mtoto hupata ndui. Hata hivyo dhana hiyo ilikubaliana na jambo la kweli: aliyekwisha kuugua aghalabu haugui tena. Juu ya jambo hilo hilo ndipo ilipokuja kusimama chanjo ya Edward Jenner, Mwingereza, mwaka 1796. Kitabu cha ar-Razi nacho kilikuwa bado kinasomwa Ulaya. Tafsiri moja ya Kiingereza ilitolewa London mwaka 1848.

Hakuwa mtu wa kumkubali mkubwa kwa ukubwa wake. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyekuwa akifuatwa na wote, alimwandikia kitabu cha kumpinga, ingawa alimheshimu kama mwalimu. Katika falsafa alisema mengine yaliyowaudhi wanavyuoni wengi, na lawama hizo hazijesha hadi leo. Utabibu wake haukupingwa kiasi hicho. Aliandika hata kitabu cha tiba kwa ajili ya mtu asiye na tabibu wa kumwendea.

Uzeeni macho yake mwenyewe yakaingia giza. Husimuliwa kwamba alijiwa na mganga wa macho atakaye kumpasua, naye akamwuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule bwana hakujua. Ar-Razi akakataa kupasuliwa na mtu asiyejua, akafariki dunia mjini Rayy mnamo mwaka 925.