Livingstone: muganga aliyepoteza meno safarini Maniema

David Livingstone alizaliwa 1813 huko Blantyre, Scotland. Alikuwa mhubiri na tena muganga. Wengi wanamkumbuka kwa kutafuta chanzo cha mto Nile, lakini habari ya meno yake inasemwa kidogo.

Septemba 1869 alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Mwaka uliofuata, kuanzia mwezi wa 7, alikwama pale zaidi ya miezi sita, kwanza sababu ya vidonda vya miguu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867. Kwa kutafuna mahindi magumu, meno yake yalivunjika na kuanza kutoka. Aliyang'oa mwenyewe: anafunga uzi kwenye jino, upande mwingine kwenye kisiki, kisha anapiga ule uzi kwa nguvu. Jino linabaki likining'inia kwenye kisiki. Alimwandikia binti yake Agnes kwamba kinywa chake kimeharibika vibaya.

Aliwatibu wengine, lakini yeye hakuwa na wa kumtazama kinywani. Leo kazi hiyo inaanza kabla ya kushika koleo. Muganga wa meno anauliza maumivu, chakula na sukari, anatazama fizi na kila jino. Ndipo anapanga: lipi lisafishwe, lipi lizibwe, lipi ling'olewe, na siku ya kurudi. Nyumbani, mswaki na dawa ya meno mara mbili kwa siku.

Livingstone alikufa 1873 kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo. Mwenye kuumwa jino Salamabila asingoje hadi afikie uzi: aende kutazamwa mapema.