Louis Riel: Sikukuu ya Mtu Aliyenyongwa

Kila mwaka, Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Februari, jimbo la Manitoba nchini Kanada hupumzika kwa heshima ya Louis Riel. Sikukuu hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na wanafunzi wa shule ndio walioalikwa kupendekeza jina lake. Msomaji asiyejua habari hizi atadhani kwamba anayekumbukwa hivyo alikuwa gavana, au jemadari aliyeshinda vita. Sivyo. Serikali ya Kanada ilimnyonga kwa kosa la uhaini.

Riel alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1844 kando ya Mto Mwekundu, katika taifa la Wametisi, wazao wa wafanyabiashara Wafaransa wa ngozi na wanawake wa makabila ya Kree na Ojibwe. Huku kwetu watu wa namna hiyo huitwa machotara, na mara nyingi neno hilo hutamkwa kwa dharau, kana kwamba mwenye asili mbili hana kwao. Wametisi hawakujiona hivyo. Walikuwa na lugha yao, kanuni zao za kuwinda nyati, na mashamba yao membamba yaliyoanzia ukingoni mwa mto na kurefuka hadi nyikani. Katika damu ya Riel mwenyewe sehemu ya wenyeji ilikuwa moja tu kwa nane, lakini hakujihesabu kamwe kuwa mtu wa taifa jingine.

Mhashamu Askofu Taché wa Saint-Boniface aliiona akili ya kijana huyo, akampeleka Montréal mwaka 1858 akasomee upadre. Masomo aliyaacha mwaka 1865, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Aliporudi kwao mwaka 1868 nchi ilikuwa karibu kuuzwa: Kampuni ya Hudson's Bay ilikubali kuiachia Kanada eneo lake lote kwa pauni 300,000. Wakazi wa Mto Mwekundu, wapata 12,000, hawakuulizwa neno. Wapima ardhi wakaja na ramani za viwanja vya mraba, wakaanza kukata katikati ya mashamba yale membamba. Tarehe 11 Oktoba 1869 Riel na wenzake waliukanyaga mnyororo wa kupimia, wakawaambia wapimaji waondoke.

Jambo ambalo ni vema tulitazame kwa makini ni hili: Riel hakuwaita watu wa lugha yake na dini yake peke yao. Wengi wa majirani zake walisema Kiingereza na walikuwa Waprotestanti. Mwezi wa Januari 1870 walikutana wajumbe 40, yaani 20 wa upande wa Kifaransa na 20 wa upande wa Kiingereza, nao wakayaandika madai yao pamoja. Padre Ritchot na wenzake wawili waliyapeleka Ottawa. Ndipo ilipotokea Sheria ya Manitoba ya tarehe 12 Mei 1870: jimbo jipya likaundwa, lugha zote mbili zikapewa haki bungeni na mahakamani, shule za madhehebu zikalindwa, na ekari 1,400,000 zikawekwa akiba kwa ajili ya watoto wa Wametisi.

Hatutaki kumfanya mtakatifu. Tarehe 4 Machi 1870 serikali yake ilikuwa imempiga risasi mfungwa mmoja, Thomas Scott. Scott aliwatukana walinzi wake, naam, lakini tusi halilipwi kwa roho ya mtu, na damu ile ilimfuata Riel mpaka mwisho. Askari wa Kanada walipofika mwezi wa Agosti alikimbia. Mara tatu watu wake walimchagua kuwa mbunge, wala hakupata kuketi bungeni. Mwaka 1874 aliingia Ottawa kwa siri, akatia sahihi katika kitabu cha wabunge, akatoweka. Kisha akili ikamvurugika, akawekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili tangu 1876 hadi 1878. Alipopona alihamia Montana, akaoa, akafundisha katika shule ya misioni.

Huko ndiko wajumbe wa Wametisi wa Saskatchewan walikomfuata Juni 1884, maana nao walikuwa wananyang'anywa ardhi. Mwaka uliofuata vita vilizuka. Riel alijiita nabii, akataka siku ya Bwana ihamishiwe Jumamosi, akagombana na mapadre. Batoche ilianguka tarehe 12 Mei 1885. Mawakili wake walitaka kumwokoa kwa kusema ana wazimu. Yeye alikataa, kwa kuwa madai ya watu wake nayo yangehesabiwa kuwa wazimu. Wazee sita wa baraza walimwona ana hatia, lakini wakaomba ahurumiwe. Waziri Mkuu Macdonald hakuhurumia. Riel alipatana na Kanisa, na Padre André akamsindikiza hadi kitanzini, mjini Regina, tarehe 16 Novemba 1885.

Miaka mitano baadaye wasemaji wa Kiingereza walikuwa wamekuwa wengi katika Manitoba. Mwaka 1890 bunge la jimbo liliondoa haki za Kifaransa na msaada wa serikali kwa shule za Kikatoliki, hata Baba Mtakatifu Leo XIII akatoa barua juu ya jambo hilo mwaka 1897. Lugha ilirudishiwa haki yake na mahakama mwaka 1979. Kuhusu ardhi ya watoto, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikiri mwaka 2013 kwamba serikali haikutimiza wajibu wake kwa bidii iliyopasa. Bunge la Kanada lilimtambua Riel kuwa mwanzilishi wa Manitoba mwaka 1992, na mwaka 2023 jimbo lenyewe lilimpa heshima ya kuitwa waziri mkuu wake wa kwanza.

Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa kuu la Saint-Boniface, ng'ambo ya mto mkabala na Winnipeg ya kale. Juu ya jiwe limeandikwa jina lake la ukoo na tarehe aliyonyongwa.