Mchoraji Aliyewavisha Wachezaji Waya

Muhula uliopita kikundi chetu cha dansi kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya mavazi. Mwenzetu mmoja anayesoma uchoraji alitushonea sketi za maboksi na waya. Kuinama hatuwezi, sembuse kuruka! Nikamwambia wazi abaki na brashi zake, dansi atuachie sisi. Hakurudi tena mazoezini.

Halafu nikasoma maisha ya Oskar Schlemmer, nikaona aibu.

Huyu bwana alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1888, akasomea uchoraji, akapigana Vita vya Kwanza. Septemba 1922, katika mji wake huo huo, akaonyesha Das Triadische Ballett: wachezaji 3, dansi 12, mavazi 18. Sehemu ya kwanza ya njano, ya pili ya waridi, ya tatu nyeusi. Mwenyewe naye alicheza.

Sisi tumezoea kutunga hatua kwanza, nguo baadaye. Schlemmer aligeuza. Vazi ndilo lililoamua hatua. Ukivaa sketi ngumu kama sahani, mikono haishuki, basi utazunguka, na watu wataona duara linazunguka, siyo fulani anacheza. Alikuwa anachora, ila kwa miili ya watu. Baadaye, katika shule ya Bauhaus alikoongoza karakana ya jukwaa, alimfunga mchezaji fito ndefu mwilini. Ukikunja kiwiko tu, mstari mrefu unakata jukwaa zima. Kwa kweli hapo ndipo niliponasa. Kiwiko changu sijawahi kukifikiria hivyo.

Bauhaus aliondoka 1929. Paris, 1932, ndiko alikoionyesha baleti yake kwa mara ya mwisho. Mwaka uliofuata Wanazi wakamfukuza ualimu Berlin, na 1937 wakazianika picha zake Munich katika maonyesho ya kuwadhihaki wasanii. Mtu aliyewafanya watu waonekane upya akaishia kupaka majengo rangi ili ndege za vita zisiyaone, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha rangi Wuppertal. Alifariki 1943, akiwa na miaka 54. Baadhi ya yale mavazi bado yapo, yametunzwa Stuttgart.

Sketi zetu nazo zipo, chini ya kitanda changu hosteli, moja imepondeka. Juzi nimemtumia yule mwenzetu ujumbe wa kumwomba radhi na kumuita mazoezini Alhamisi. Ameusoma. Hajajibu.