Mehboob Khan: Fundi wa Sinema Aliyetoka Kijijini

Wapenzi wa sinema wa Kitale na Bungoma, kama walivyo wenzao wa Mombasa, Malindi na Lamu, hawakosi ubishi wanapokutana. Huyu atamsifu mchezaji wake wa leo, yule atamtaja mwongozaji wake, na kila mmoja atashikilia kwamba wake ndiye bingwa. Lakini wazee wakijiunga, mazungumzo hurudi nyuma kwenye picha za Kihindi za zamani, na hapo "Mother India" haikosi kutajwa. Picha hiyo wengi waijua. Aliyeitengeneza, marehemu Mehboob Khan, ni wachache waijuao habari yake.

Mehboob alizaliwa tarehe 9 Septemba 1907 mjini Bilimora, katika Gujarat, nchi waliyotoka mababu wa wenye maduka wengi wa Afrika Mashariki, wa pwani na wa bara. Wazazi wake walikuwa Waislamu wasio na mali, na shule hakuipata ya kutosha. Kilichomwasha moyo ni sinema. Akiwa bado kijana aliondoka kwao akaenda Bombay kutafuta kazi katika kampuni za picha.

Bombay haikumpokea kwa zulia. Katika mwaka 1927, picha zikiwa bado hazina sauti, alipewa nafasi katika hadithi ya Ali Baba. Usidhani alikuwa Ali Baba mwenyewe. Alikuwa mmoja tu wa wale wezi arobaini. Miaka kadhaa alibaki kuwa mtu wa kujaza uwanja, lakini macho hayakulala: alitazama jinsi kamera inavyowekwa, jinsi taa zinavyowashwa, na jinsi mwongozaji anavyomtoa mchezaji machozi.

Subira yake ilizaa matunda mwaka 1935, alipoongoza picha yake ya kwanza, "Al Hilal", kisa cha mwana wa Sultani aliyetekwa na Warumi. Mwaka 1940 akatoa "Aurat", maana yake "Mwanamke", habari ya mama mkulima na taabu zake. Mchezaji mkuu alikuwa Sardar Akhtar, ambaye baadaye alikuwa mke wa Mehboob.

Halafu akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Alama yake ilikuwa nyundo na mundu, zana za mfanyakazi na mkulima, na pamoja nayo ulisomwa ubeti wa Kiurdu wa kukumbusha kwamba litakalokuwa ni lile alipendalo Mungu. Wengine walishangaa kuona mambo hayo mawili pamoja. Kwa Mehboob hapakuwa na ajabu: alikuwa mtu mwenye kushika sala, na wakati huo huo hakuwasahau maskini aliotoka kwao.

Jicho lake la kuchagua wachezaji lilikuwa kali. Nargis alipewa naye nafasi ya mchezaji mkuu katika "Taqdeer" ya mwaka 1943, akiwa binti mdogo. Mwaka 1949, katika "Andaz", aliwakutanisha Nargis, Dilip Kumar na Raj Kapoor katika picha moja. Mwaka 1952 ikaja "Aan", yenye rangi za kupendeza, farasi na panga, ikaonyeshwa hata London. Muziki wa picha hizo mbili ulitungwa na Naushad. Mwaka 1954 alijenga studio yake huko Bandra, Bombay.

Hata hivyo moyo wake ulirudi kwa yule mama mkulima. Mwaka 1957 aliisimulia upya habari ya "Aurat", safari hii kwa rangi, akaiita "Mother India". Nargis alikuwa Radha, mke wa mkulima aliyezama katika deni la rupia 500. Mkopeshaji, Sukhilala, alichukua robo tatu ya mavuno kuwa riba tu, na deni lenyewe likabaki pale pale. Mume akapondwa mikono na jiwe, akaona haya kuwa mzigo, akatoweka. Mafuriko yakaja. Radha akajifunga jembe la kukokotwa na ng'ombe, akalima mwenyewe.

Mpenzi wa sinema wa Bungoma au Trans Nzoia, aliyekulia kwenye mahindi na miwa, hahitaji kujua Kihindi ili aielewe habari hiyo. Anajua mvua inavyoweza kukosa na deni linavyoweza kubaki. Na Mwislamu wa pwani akiitazama huona wazi kwa nini riba imeharamishwa.

Mwisho wake ndio uliowaliza watu. Birju, mwana mpenzi wa Radha, aligeuka jambazi, akamuua Sukhilala na kumteka binti yake. Radha alimchukia Sukhilala kuliko mtu yeyote, lakini heshima ya binti wa kijiji hakukubali ivunjwe. Akashika bunduki akampiga mwanawe kwa mkono wake. Uchungu wa mama na haki ya jirani vimepigana, na haki imeshinda. Watazamaji wametoka wakibishana kama alifanya sawa, na ubishi huo haujesha.

"Mother India" iliingia katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar ya picha za nje, ikashindwa na picha ya Mwitalia Fellini. Picha ya mwisho ya Mehboob, "Son of India" ya mwaka 1962, haikupata mafanikio. Tarehe 28 Mei 1964, siku moja baada ya kufa kwa Jawaharlal Nehru, naye alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 56.

Vijana wanaoshika kamera leo huko Kitale na Bungoma wana vyombo ambavyo Mehboob hakuviota. Lakini utajiri aliokuwa nao yeye wanao pia: mashamba, mama zao, na taabu za majirani zao. Mehboob hakwenda mbali kutafuta hadithi. Aliikumbuka ya kwao, akaisimulia vyema, nayo ikafika hata kwetu. Mwenyezi Mungu amrehemu.