Daktari wa jeshi aliyelipigia hesabu tundu la sabufa

Ukipita Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, jioni ya siku ya mapumziko, besi ya sabufa hukufikia kifuani kabla sikio halijatambua ni wimbo gani. Kinachotoa mlio huo ni kasha la mbao lenye spika moja kubwa, na kando ya spika kuna tundu lililochomekwa bomba la plastiki. Wanunuzi wengi hudhani tundu hilo ni la kupoza spika, au ni urembo. Wapo wanaolikata bomba likisumbua wakati wa kufunga kasha, na wapo wanaoliziba kwa kitambaa ili vumbi la safari lisiingie. Baadaye mteja anarudi dukani na spika iliyokufa, anadai fedha yake.

Aliyeeleza kwa hesabu hewa inafanya nini katika kasha lenye tundu alikuwa daktari wa jeshi la Prussia, aliyefariki kabla hata redio haijaanza kuuzwa. Jina lake ni Hermann von Helmholtz.

Alizaliwa Potsdam, karibu na Berlin, tarehe 31 Agosti 1821. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye mshahara usiotosha. Kijana alitaka kusoma fizikia, lakini nyumbani hapakuwa na ada. Njia iliyobaki ilikuwa kusomea udaktari kwa gharama ya serikali, na kulipa deni kwa kulitumikia jeshi miaka 8. Mwaka 1838 akaingia chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin.

Mwaka 1841 alipatwa na homa ya matumbo akalazwa kwa wiki nyingi. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa udaktari, hakulipishwa matibabu wala chakula, na posho yake ikawa inalimbikizana. Alipotoka hospitali alikuta ana akiba ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani. Akanunua hadubini. Kwa hadubini hiyo ndiyo alifanya utafiti uliompa shahada mwaka uliofuata. Anayeishi kwa kuzungusha mtaji mdogo ataielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Akiwa daktari wa kikosi Potsdam alijitengenezea maabara ndogo kambini. Mwaka 1847, kabla hajatimiza miaka 26, aliandika kwamba nishati haizaliwi kutoka patupu wala haipotei. Hubadilika sura tu. Jarida kubwa la fizikia la Ujerumani likakataa kuichapa kazi hiyo, naye akaitoa kama kijitabu. Leo hakuna mhandisi anayefanya kazi bila kanuni hiyo. Ingefaa pia ikumbukwe na anayenunua kisabufa cha ukubwa wa ndoo kilichoandikwa maelfu ya wati: kama waya wa umeme hauwezi kuingiza nguvu hiyo, haiwezi kutoka mbele kama sauti. Maandishi ya kwenye boksi ni wino.

Kijitabu kilimsaidia. Jeshi lilimwachilia mapema, na mwaka 1849 akawa profesa Königsberg. Huko alipima kasi ya taarifa inayopita kwenye neva za chura, jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani, na mwaka 1851 akatangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Madaktari wa macho wanakitumia hadi leo, kikiwa kimeboreshwa. Kifaa hicho kilimpa jina kuliko yote aliyokuwa ameandika.

Sauti ilimshika zaidi alipohamia Bonn mwaka 1855, kisha Heidelberg mwaka 1858. Hayakuwa maisha mepesi. Mwaka 1859 alimpoteza baba yake, na Desemba mwaka huohuo mke wake, Olga, akafariki na kumwachia watoto wawili wadogo. Mwaka 1861 alioa tena, akamchukua Anna von Mohl. Katikati ya miaka hiyo ya msiba na kuanza upya ndipo alipokamilisha kitabu chake kikubwa kuhusu sauti na muziki, kilichotoka mwaka 1863.

Chombo alichokitegemea kilikuwa kitu cha kawaida mno: tufe tupu la kioo au shaba, lenye mdomo upande mmoja na upande wa pili kichuchu chembamba cha kuingiza sikioni, kikizibwa kwa nta. Kila tufe liliitikia mlio mmoja tu. Mlio huo ukiwemo ndani ya sauti ya fidla au ya mtu anayeimba, tufe linavuma sikioni, usipokuwemo, linanyamaza. Akiwa na seti ya matufe ya ukubwa mbalimbali aliweza kuichambua sauti kama mtu anayepepeta nafaka.

Mwenye chupa tupu anaweza kuujaribu msingi wake papo hapo. Puliza juu ya mdomo: mlio mzito. Tia maji hadi nusu, puliza tena: mlio umepanda. Hewa ya tumboni mwa chupa ni kama springi za lori, na hewa ya shingoni ni kama shehena juu yake. Shehena ikizidi, lori hunesa polepole. Kadhalika, shingo ikirefushwa mlio unashuka, na tumbo likiongezwa springi inalegea, mlio unashuka tena. Shingo ikipanuliwa, mlio unapanda. Wapigaji wa umuduri, upinde wa muziki wa Burundi na Rwanda, waliijua tabia hiyo kwa mikono yao bila hesabu yoyote: wanakisogeza kibuyu kifuani na kukiachia, na sauti inabadilika kadiri mdomo wake unavyofunguka na kufunikwa.

Chukua basi kasha la lita 60 lenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 20. Kwa hesabu iliyotokana na kazi ya Helmholtz, kasha hilo litavuma kwenye karibu 38 Hz, yaani mitetemo 38 kwa sekunde. Likate bomba libaki sentimita 10, na mlio unapanda hadi karibu 48 Hz. Tofauti hiyo ndiyo inayoua mali. Kwenye mlio wa kasha, hewa ya tunduni ndiyo inayofanya kazi kubwa na koni ya spika karibu inatulia. Chini ya mlio huo hewa inaingia na kutoka bila kuizuia koni, nayo inarukaruka hadi koili kugonga au kuungua. Aliyekata bomba amezipeleka besi za 40 Hz upande wa hatari. Aliyeziba tundu hakuleta hatari hiyo. Amepoteza tu msaada wa hewa, na besi aliyoilipia imepungua.

Hata hizo Hz zinarudi kwake. Mwaka 1871 Helmholtz alikwenda Berlin kufundisha fizikia, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio na ambaye jina lake ndilo kipimo hicho. Mwanafunzi alitangulia kufa, Januari 1894, akiwa na miaka 36.

Kazi yake ya mwisho ilihusu vipimo. Pamoja na mwenye viwanda Werner von Siemens alisukuma ianzishwe taasisi ya taifa ya vipimo huko Charlottenburg, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1893, akikaribia miaka 72, alivuka bahari kwenda Chicago kwenye maonyesho ya dunia. Wakati wa kurudi alianguka kwenye ngazi za meli akaumia kichwa. Hakupata tena nguvu zake za awali, na tarehe 8 Septemba 1894 alifariki.

Tundu lilifika kwenye kasha la spika baadaye sana. Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipewa hataza yake Julai 1932, na mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia akachapisha njia ya kulinganisha kasha na spika kwa hesabu, badala ya kubahatisha.

Mnunuzi aliye sokoni anaweza kupima kwa simu. Achague programu inayotoa mlio mmoja, aanze 80 Hz kwa sauti ya wastani, ashuke taratibu huku akiitazama koni na kuweka kiganja mbele ya tundu. Pale koni inapokaribia kusimama na upepo kiganjani ukawa mkali kuliko kwingine, hapo ndipo mlio wa kasha. Usipopatikana, aulize bomba lilikatwa na nani.